Kitalu Nyumba Kinamhitaji Mtu Kabla ya Nailoni

Simu nyingi ninazopokea ofisini ni za kuulizia kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mazao, nazo huanza hivi: "Mtaalamu, shikamoo. Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 ni bei gani?" Nikishaitikia, nami nauliza langu: nani atayapima maji yake kila asubuhi? Hapo simu hunyamaza kidogo, kisha naambiwa yupo kijana wa shamba, ataelekezwa.

Nimeitwa kukagua vitalu vingi vilivyokufa. Unafika unakuta mabomba yamesimama, tenki liko juu ya mnara wake, mipira ya kumwagilia kwa matone imelala kwenye matuta kama ilivyotandazwa siku ya kwanza, na ndani magugu yamefika kiunoni. Ni mara chache kosa huwa la nailoni. Aliyekosekana ni mtu anayejua mmea unakula nini, unakunywa wakati gani, na unaonyeshaje kwamba umezidishiwa. Watu hao ni wachache kwetu na kazi yao haitajwi sana shuleni. Ndiyo maana nawaandikia vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita, pamoja na wazazi wanaouliza mtoto akasomee nini.

Kilimo bila udongo, ambacho wengi sasa wanakiita haidroponiki, ni kukuza mmea kwenye maji yenye virutubisho, au kwenye kitu cha kuishikilia mizizi tu kama vile kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, au mawe mepesi ya volkano. Mmea unahitaji elementi 17. Kaboni, haidrojeni na oksijeni unazipata kwenye hewa na maji. Nyingine 14 zinapitia mizizini, na kwenye kilimo hiki zote zinatoka mkononi mwako. Udongo una huruma: ukikosea leo, unaweza kukubebea kosa lako wiki mbili au tatu. Maji hayabebi. Ukikosea Jumatatu, Alhamisi majani yameshasema.

Taaluma hii imezaliwa kwenye ubishi, na ubishi huo napenda kuwasimulia wanafunzi wangu siku ya kwanza. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea kwenye maji ya chumvi zilizopimwa tangu miaka ya 1860, lakini kwa ajili ya uchunguzi tu. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akasema njia hiyo inaweza kulisha watu. Akaotesha minyanya mirefu iliyoshangaza magazeti, na mwaka 1937 akaipa njia hiyo jina la haidroponiki. Habari zikavuma, kila mtu akataka kupata utajiri kwenye beseni la maji. Ndipo wenzake wawili wa chuo hichohicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakakaa chini kupima. Mwaka 1938 wakatoa kijitabu kilichosema kwamba mmea wa kwenye maji hauzai zaidi ya mmea wa kwenye udongo mzuri unaotunzwa vizuri na kupata mwanga uleule. Pamoja na hayo, wakaandika vipimo vya mchanganyiko wao wa virutubisho wazi, na mpaka leo maabara duniani kote zinautumia kwa jina la Hoagland. Gericke alikuwa na ndoto, hao wawili walikuwa na mizani. Kazi ninayowaelezeni inahitaji vyote viwili, lakini anayeajiriwa ni yule mwenye mizani.

Mwalimu wa sekondari anaweza kuianza kazi hii darasani kwa chupa nne za maji ya kunywa zilizotupwa. Nimeifanya mara nyingi na sijawahi kuona darasa likisinzia. Otesha mahindi kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zifunge chupa kwa karatasi nyeusi, kwa sababu mwanga ukiingia mwani utaota na kula chakula cha mmea. Chupa ya kwanza itie mchanganyiko kamili wa virutubisho. Ya pili isiwe na naitrojeni. Ya tatu isiwe na madini ya chuma. Ya nne itie maji ya mvua matupu. Ingiza miche, mizizi ndani, majani nje, acha nafasi ya hewa juu ya maji, na badilisha maji kila wiki. Kisha ngoja.

Kwenye chupa isiyo na naitrojeni, jani la chini kabisa ndilo hugeuka njano kwanza. Linaanzia nchani na kushuka katikati ya jani kama mkuki, huku majani ya juu yakibaki na ukijani hafifu. Kwenye chupa isiyo na chuma mambo ni kinyume: majani ya chini yako salama, jani jipya ndilo linatoka njano lenye mistari ya kijani, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Hapo mwulize mwanafunzi: kwa nini? Mwache ahangaike. Jibu ni kwamba naitrojeni ikipungua, mmea unainyang'anya kwenye majani ya zamani na kuwapelekea watoto. Chuma hakinyang'anyiki, kikishakaa kwenye jani kimekaa. Kijana akilielewa hilo kwa macho yake, keshokutwa ataingia kwenye kitalu cha mtu na kusoma ugonjwa kabla hajagusa kifaa chochote.

Vifaa navyo vina nafasi yake. Kila asubuhi tunapima vitu viwili: pH, inayoonyesha kama maji yana ukali wa tindikali au yameelekea kwenye magadi, na EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, inayotuambia jumla ya chumvi iliyomo. Mazao mengi hutaka pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda, chuma kinaganda na mmea unakufa njaa huku chakula kiko mbele yake.

Nilipokuwa msaidizi kijana, niliwahi kupungukiwa na madumu nikachanganya naitreti ya kalsiamu na salfeti ya magnesiamu kwenye dumu moja, zote zikiwa nzito bado, hazijazimuliwa. Hesabu ya uzito ilikuwa sahihi mpaka gramu ya mwisho. Asubuhi nikakuta ute mweupe chini ya dumu, kama uji wa muhogo ulioachwa ukalala. Kalsiamu ilikuwa imekamatana na salfa na kuwa jasi. Nikayapitisha maji hivyohivyo, na kufikia saa nane mchana mistari miwili ya minyanya ilikuwa imelala chini kwa kiu, kwa kuwa matundu ya mipira yalikuwa yameziba. Tangu siku hiyo kwangu kuna tenki A la kalsiamu na tenki B la salfeti na fosfeti, na hayakutani mpaka kila moja limezimuliwa kwa maji mengi. Mwanafunzi mpya namwonyesha kwa bilauri mbili za kioo. Akiona maji mawili maangavu yanakutana na kugeuka maziwa, hatasahau.

Maji ya nchi hii hayafanani, na hapo ndipo mtaalamu anapouzwa kwa bei yake. Visima vingi vya Arusha na miteremko ya Meru vina magadi. pH inapanda kila siku hata ukiishusha jana. Dawa yake ni tindikali iliyopimwa, au kuyachanganya na maji ya mvua. Tindikali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali, na mikono iwe na glavu, macho yawe na miwani. Ukanda wa pwani una shida nyingine: visima vyenye chumvi, na joto. Maji ya nyuzi 20 yanabeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabaki na 7.5 hivi. Mizizi inakosa pumzi, vimelea vya kuozesha vinapata nafasi, na mzizi uliokuwa mweupe kama uzi wa kushonea unakuwa wa hudhurungi na kuteleza vidoleni. Ndiyo maana ramani ya kitalu iliyonunuliwa kutoka nchi ya baridi haifai kusimamishwa Tanga kama ilivyo. Ukiongeza wavu wenye matundu madogo kuzuia kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya, hewa nayo inapungua, joto linapanda, na mchana ukipita nyuzi 35 maua ya nyanya yanapukutika. Hapa kwetu mtu akipata kipimo sahihi cha wavu, kimo na upenyo wa hewa kwa mji wake, amefanya utafiti wa kweli.

Nyanya kuoza kitako ni mfano mwingine. Mkulima huambiwa hapo kuna upungufu wa kalsiamu, basi anaongeza mbolea. Mara nyingi kalsiamu ipo tele kwenye maji. Haifiki kwenye tunda. Inasafiri na maji tu, na maji yanakimbilia majani yanayotoa jasho. Ukizidisha mbolea chumvi inapanda, mzizi unakunywa kidogo zaidi, na matunda mengine yanaoza.

Utafiti mwingine haumo kwenye mboga kabisa. Tigoni, kwenye nyanda za juu za Kenya, watafiti wa viazi wamekuza mbegu kwa kuning'iniza mizizi hewani ndani ya sanduku lenye giza, huku pampu ikiinyunyizia virutubisho kila baada ya dakika chache. Mche wa kwenye chungu unatoa viazi vitano hadi kumi hivi. Wa hewani unatoa makumi, safi, visivyo na mnyauko bakteria wa udongoni. Kiazi kikifika saizi unakichuma, mmea unaendelea kuzaa. Naivasha, mashamba ya waridi yanalima kwenye mawe ya volkano na kuyarudisha maji yaliyochuja yatumike tena. Pampu ikizimika saa chache mchana, sanduku la viazi limekwisha, kwa hiyo pote huko anatakiwa mtu wa kukesha.

Njia ya masomo haina siri. Kemia na biolojia zisiachwe. Tahasusi za CBG, CBA na PCB, yaani kemia na biolojia pamoja na jiografia, kilimo au fizikia, zote zinafungua mlango. Baada ya kidato cha nne kuna vyuo vya mafunzo ya kilimo vya wizara, vya astashahada na stashahada. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ni kitovu cha siku nyingi cha mafunzo na utafiti wa mboga na matunda. Shahada ya kilimo cha bustani inatolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwa Kenya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja na Egerton kule Njoro. Ukienda mafunzo kwa vitendo, omba kukaa kwenye chumba cha kuchanganyia mbolea kuliko kwenye kuchuma. Na nenda na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui msemo unaokaa vizuri zaidi kwenye mlango wa kitalu.

Msimu uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili alinijia na daftari lake saa nne asubuhi. Maji tuliyokuwa tukiyaingiza kwenye hoho yalisoma EC ya 2.0, lakini yaliyokuwa yakichuruzika chini ya mifuko yalikuwa 2.6 Jumatatu, 3.0 Jumanne, 3.4 siku ile. Mimea ilikuwa inapendeza, hakuna jani lililokuwa na alama. "Mwalimu," akaniuliza, "nipunguze mbolea au niongeze maji?" Nikamwuliza juzi na jana jua lilikuwaje. Akafungua ukurasa: kali, tangu Jumapili. Mimea ilikuwa inakunywa maji na kuiacha chumvi. Tukaongeza mizunguko miwili ya maji mchana, yawe yanachuruzika zaidi. Siku ya nne maji ya chini yalisoma 2.4, akayaandika, akaenda darasani.