Mitosisi si seli kukatika

Juzi nimelisikia tena, safari hii redioni: "Kidonda hupona kwa mitosisi, yaani seli moja kukatika zikawa mbili." Hiyo "yaani" ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mitosisi ni kromosomu, yaani zile nyuzi za ndani ya kiini cha seli zinazobeba urithi, zikiwa zimeshanakiliwa, kujipanga katikati ya seli, kisha nakala zikavutwa huku na huku hadi kila upande upate seti kamili. Kwetu binadamu ni 46 huku, 46 kule. Wavutaji ni mirija myembamba ya protini: inabomoka pale iliposhika kromosomu, nayo kromosomu inafuata ncha inayofupika, kama mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa dakika. Basi. Seli yenyewe kukatika ni kazi nyingine, saitokinesisi, ambayo kwa kawaida huanza kabla ile ya kwanza haijamalizika. Ndiyo maana watu huzichanganya.

Na neno lenyewe halina kukatika ndani yake. Walther Flemming, mwanaanatomia wa Kiel, Ujerumani, alichukua viluwiluwi vya salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, kwa kuwa seli zao ni kubwa, akazitia rangi za anilini, akaona ndani ya kiini vitu kama nyuzi. Nyuzi zile zikajikunja, zikanenepa, zikapasuka kwa urefu kama mwaa unavyochanwa kwa kusuka mkeka, nusu zikaachana. Uzi kwa Kigiriki ni mitos, na mwaka 1882 akaiita kazi hiyo mitosisi. Jina kromosomu, "mwili wa rangi", lilikuja 1888 kutoka kwa Mjerumani mwenzake, Waldeyer. Flemming alipobuni neno lake alikuwa na nyuzi tu mbele yake, na aliyokuwa akiyaeleza ni mambo ya kiini.

Mwenye shaka achongewe dafu. Maji yale yalianza na kiini kimoja, kikawa viwili, vinne, vingi, vikielea katika maji yaleyale bila ukuta wa kuvitenga. Mitosisi juu ya mitosisi, na hakuna seli iliyokatika. Kuta huja baadaye, zikianzia pembeni kwenye kifuu, na hapo ndipo unapopata ile nyama laini unayoikomba kwa kijiko kilichochongwa kwenye ganda lake. Usipokuwa na dafu, ini lako linatosha: humo zimo seli zenye viini viwili, kwa sababu kiini kiligawanyika na seli ikabaki nzima.

Kwa hiyo mtangazaji wangu hakukosea kuhusu kidonda, maana kidonda huhitaji kazi zote mbili. Siku nyingine aseme tu seli zinagawanyika, Kiswahili kinatosha hapo, na mitosisi awaachie nyuzi.