Kulaza omo hakuiokoi kruza nyepesi

Juzi nimetumiwa tena ile rekodi ya mechi ya World of Warships, gemu la vita vya meli. Mchezaji ni mwingine na ramani ni nyingine, lakini ningeweza kuisimulia kabla sijaifungua. Cleveland, kruza nyepesi (meli ya vita ya ukubwa wa kati), iko kilomita 14 kutoka kwa Bismarck, batlishipu (meli kubwa yenye mizinga mizito na mabamba manene), omo, yaani sehemu ya mbele, imeelekezwa kwa adui sawasawa, meli imetulia kana kwamba imefunga gati, minara miwili ya mbele inatema moto. Bismarck haina haraka. Inageuza mizinga, inapiga mkupuo mmoja, mizinga yote kwa pamoja, na Cleveland iliyokuwa bado na zaidi ya nusu ya uhai inakwenda chini. Chini ya rekodi kuna ujumbe: "Mkuu, nililaza omo vizuri kabisa na bado nimekula sitadeli mbili. Hili gemu lina hila." Kulaza omo ni kumwelekezea adui omo ili makombora yagonge mabamba kwa mshazari; kula sitadeli ni kupigwa kwenye moyo wa meli, penye injini na baruti.

Halina hila. Nawafundisha watu World of Warships, hasa kruza nyepesi, na malalamiko haya nayasikia kila wiki. Leo nayajibu kwa maandishi, pamoja na dhana nyingine ninazozisikia, atakayeniuliza tena nimtumie hapa.

"Nikilaza omo, makombora yatateleza"

Dhana hii imetoka kwa watu wa batlishipu, na kwao ni kweli. Kombora la kutoboa likigonga bamba, gemu linapima pembe. Likija chini ya digrii 45 kutoka wima wa bamba, halitelezi. Likizidi digrii 60, linateleza bila mjadala. Kati ya hapo ni bahati nasibu. Kwa hiyo nahodha wa batlishipu akimwelekezea adui omo, makombora yanaparua mabamba na kuruka zake. Mwanafunzi anaona hayo kwenye video mbili tatu, kisha anapanda kruza nyepesi na kufanya vilevile.

Asichoambiwa ni kwamba kabla ya pembe kuna swali jingine: kipenyo cha kombora kinazidi unene wa bamba mara ngapi? Kikizidi mara 14.3, pembe haihesabiwi tena. Kombora linapita hata likija limelala. Fanya hesabu mwenyewe, kikokotoo cha simu kinatosha. Omo ya Cleveland ina bamba la milimita 25. Zidisha kwa 14.3, unapata 357.5. Mizinga ya Bismarck ni milimita 380. Umelaza au hujalaza, kwake hilo ni karatasi.

Hapo ndipo ninapoishiwa subira, maana jibu huwa moja: "Lakini jana King George V ilinipiga mikupuo mitatu na yote ikaruka." Ni kweli iliruka! Mizinga ya King George V ni milimita 356. Imepungukiwa na milimita moja na nusu. Jana hukuokolewa na ustadi wa kulaza peke yake; ulikutana na mizinga iliyopungukiwa na upana wa punje ya mchele. Leo umekutana na 380.

Kwa hiyo kila anayenijia nampa kazi moja kabla ya yote. Mechi inapopakia na orodha za meli zikaonekana, soma batlishipu za upande wa pili, uzigawe mafungu mawili: zenye mizinga ya 358 na kuendelea, na zisizofika. Ni kazi ya sekunde kumi. Sijawahi kumwona mwanafunzi akiifanya bila kusukumwa.

Batlishipu nazo ziko chini ya sheria hiyohiyo, ila zina mabamba manene zaidi. Nyingi za ngazi (daraja la meli katika gemu) ya 8 hadi ya 10 zina milimita 32 omoni, na kuipita hiyo bila kujali pembe kunahitaji karibu 458. Mizinga ya milimita 406 haifiki, ndiyo maana kulaza kunawafaa. Yamato ina 460, inapita kwa milimita mbili na kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachofanya watu wa batlishipu wakisikia jina lake watafute kisiwa cha kujificha. Basi wewe wa kruza nyepesi jua kwamba kila siku, mbele ya karibu kila mmoja, unaishi kama batlishipu inavyoishi mbele ya Yamato. Na ukipanda Minotaur ya Waingereza, mambo ni mabaya zaidi: mabamba ya milimita 16. Hapo hata mzinga wa milimita 229 hauhesabu pembe. Hakuna batlishipu ya ngazi za juu ambayo omo itakukinga nayo, hata moja.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloikuza dhana yenyewe. Kombora la kutoboa lina fyuzi, kiwashio cha kulilipua, na fyuzi haiwaki mpaka kombora ligonge chuma chenye unene wa kutosha, kama sehemu moja ya sita ya kipenyo chake. Kwa kombora la milimita 380 hiyo ni zaidi ya milimita 60. Omo yako ya milimita 25 haiwashi kitu. Kombora linaingia omoni likiwa zima, linapita ndani ya meli kwa urefu, na hapo kuna mambo mawili. Ama linatokea upande wa pili bila kulipuka, nawe unapoteza asilimia 10 tu ya madhara yake. Ama linakuta ukuta wa sitadeli, fyuzi inawaka, linalipuka penye injini na baruti, nawe unakula asilimia 100. Kwa Bismarck asilimia 100 hiyo ni pointi 11,600 kwa kombora moja. Sasa mwanafunzi akipata yale ya asilimia 10 mara tatu mfululizo, anasema kulaza kumefanya kazi. Hakukufanya kazi. Yalipita tu.

Na omo mbele ina adhabu nyingine ambayo watu huiona wakiwa wamechelewa. Mambo yakichacha unataka kuondoka. Utaondokaje? Lazima ugeuke, na katikati ya kugeuka unaonesha ubavu wote, taratibu, kwa watu walewale waliokuwa wakikulenga. Mimi nataka tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, imwelekee adui tangu mwanzo. Ukikimbia huku unapiga kwa minara ya nyuma, makombora yake yanakufukuza badala ya kukupokea, topido zake vilevile, na mlango wa kutokea uko wazi mbele yako.

Kinga yako halisi ni kwamba hakuoni, na akikuona hajui utakuwa wapi kombora likifika. La kwanza: ukifyatua mzinga, umbali wako wa kuonekana unapanda hadi umbali mizinga yako inapofika, na unabaki hapo kwa sekunde 20 tangu mkupuo wa mwisho. Ukinyamaza sekunde hizo, na hakuna adui aliye ndani ya umbali wako wa kawaida, unapotea. Wengi hawanyamazi. Wanapiga mpaka wanakufa kwa sababu kidole kimezoea. La pili ni kisiwa: makombora ya Cleveland yanapanda juu na kushuka kwa mteremko mkali, yanavuka vilima ambavyo ya Bismarck yatavigonga.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na wanafunzi wangu wanajua nitalisema kabla sijalisema: mwendo. Siyo usukani peke yake, mwendo. Anayekulenga anapima mbele yako kwa kudhani kasi yako haitabadilika. Ukimwona amepiga, shusha injini hadi robo, hesabu tatu, panda tena. Mkupuo unaanguka mbele ya omo yako, unaona minara ya maji, unacheka. Mpigaji mzuri atakushika mara ya tatu au ya nne, lakini kwa umbali wa kilomita 14 mara tatu ni nyingi. Kwenye ile rekodi ya juzi injini ilisimama kwa dakika nzima. Dakika nzima! Hata mimi na vidole vyangu vya sasa ningempata.

Tafadhali usinielewe kwamba sasa uoneshe ubavu. Ubavu ni mbaya siku zote. Ninachosema ni kwamba omo siyo ngao.

"Nimo ndani ya moshi, niko salama"

Moshi unazuia macho, hauzuii chuma. Rada inakuona ndani ya moshi, na katika gemu hili inakuona hata nyuma ya kisiwa. Wenzake aliyewasha rada wanakuona baada ya sekunde 6. Sona, chombo cha kunasa sauti majini, nayo inakuona, ingawa kwa umbali mfupi zaidi. Ukipiga mizinga ukiwa moshini, kila meli ina umbali wake ambao mwanga wa mizinga unaifichua, na umeandikwa kwenye takwimu za meli yako. Usome. Halafu kuna destroya, meli ndogo ya kasi yenye topido, ambaye hahitaji kukuona kabisa: ameona wingu, anajua moshi hauhami, anamwaga topido zote katikati ya wingu na kuondoka. Ukiwa ndani, songa mbele na nyuma kwa robo mwendo. Kusimama tuli ndani ya moshi ni kumwekea alama.

"Kazi ya kruza nyepesi ni kuwasha moto tu"

Nusu kweli, na nusu hiyo inawalemaza. Moto mmoja kwenye batlishipu unakula asilimia 0.3 ya uhai wake kila sekunde kwa sekunde 60, jumla 18 usipozimwa. Tamu. Ila kikosi cha ukarabati, kinachoirudishia meli uhai wakati wa mechi, kinarudisha madhara yote ya moto, hadi asilimia 100, wakati ya sitadeli kinarudisha takriban 10 tu. Kwa hiyo uharibifu unaouona mwingi kwenye ubao wa mwisho, adui ameshaunywa kama chai. Adui akikuonesha ubavu, hasa kruza mwenzako akiwa karibu, badilisha makombora uweke ya kutoboa. Kubadilisha kunachukua muda, ndiyo, kwa hiyo badilisha ukiona ameanza kugeuka, siyo baada ya kumaliza. Ninatazama rekodi ambazo mtu amecheza dakika 15 bila kubonyeza kitufe kile hata mara moja. Mpande Minotaur mwezi mmoja. Haina kabisa makombora ya mlipuko, yale ya kuwasha moto. Mtajifunza kwa lazima.

"Nyepesi maana yake ndogo na ya kasi"

Hapana. Neno hilo limetoka kwenye mkataba wa London wa 1930, na lilihusu mizinga: isiyozidi milimita 155 ni nyepesi, inayozidi hapo hadi 203 ni nzito. Belfast, ambayo leo ni makumbusho kwenye mto Thames, ilizidi tani 10,000 na ni nyepesi. Mogami ya Wajapani ilizaliwa nyepesi ikiwa na mizinga 15 ya milimita 155, kisha ikang'olewa hiyo na kuwekewa 10 ya milimita 203, mwili ni uleule. Kwenye gemu unachagua mwenyewe. Na kasi? Cleveland inakwenda maili 32.5 za baharini kwa saa. Iowa, batlishipu, inakwenda 33. Anayepanga kuikimbia Iowa kwa Cleveland apange upya.

"Königsberg ya ngazi ya 5 ndiyo ile ya Rufiji"

Hili huwa linanifurahisha, kwa hiyo silikasirikii. Iliyozamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji na kuishia huko Julai 1915, ni kruza ya zamani zaidi yenye mizinga 10 ya milimita 105. Wajerumani waliing'oa mizinga ile na kuipeleka vitani nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Ya kwenye gemu ni nyingine iliyorithi jina, ya miaka ya 1920, mizinga tisa ya milimita 150 katika minara mitatu, na ilizamishwa na ndege huko Bergen, Norwei, Aprili 1940. Minara miwili kati ya hiyo mitatu iko nyuma, kwa hiyo ukiipanda nawe ukaelekeza omo kwa adui, umejinyima theluthi mbili za mizinga yako mwenyewe. Anayetaka kuonja meli ya kizazi cha Rufiji achukue Dresden, ngazi ya 2. Ina mizinga 10 ya milimita 105, na haina pa kulaza kitu chochote.