Usipande juu ya ndago

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tatu: "Fundi, si hii mimea ya kutambaa inaua magugu yenyewe?" Mara ya tatu ilikuwa Nyali, hapa Mombasa, mbele ya nyumba ambayo nyasi zake zimebaki viraka viraka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanunua gunia zima la vipandikizi, limelazwa chini ya mwembe, vimeanza kunyauka. Alichotaka kwangu ni vijana wawili wa kuchomeka.

Nikamwomba jembe. Nikachimba pale alipopaonyesha kwa fahari, "hapa angalau pana nyasi nzuri". Donge likatoka, nikalikung'uta: viazi vidogo vyeusi, kimoja kimeungwa na chenzake kwa uzi mwembamba mgumu, kama tasbihi. Mama, hizi si nyasi. Ni ndago, na umezinywesha maji ya kununua muda wote huu.

Hii dhana ya "itafunika, itaua" haifi kwa sababu ina ukweli nusu. Ndago hupenda jua. Ukiitia kivuli kizito hudhoofika. Mmea tambazi ukishafunga vizuri, kweli huibana. Lakini mpaka ufunge ni miezi kadhaa, na kiazi cha ndago hakingoji miezi. Mvua ya kwanza tu, baada ya siku chache kimeshatoa ncha kali inayotoboa hata karatasi ya nailoni. Kipandikizi chako bado kinatafuta mizizi, jirani yake ameshakuwa na majani matano. Hapo ndipo napigiwa simu nije "kupalilia kidogo". Kupalilia wapi? Jembe haliingii tena, maana mizizi ya mmea wako imeshapita katikati. Ukivuta kwa mkono, uzi unakatika, kiazi kinabaki chini, na vile vilivyokuwa vimelala kwenye mnyororo uleule vinaamka. Umevuta kimoja, umeamsha vitatu.

Kazi hii hufanywa kabla, na Mombasa tumepewa msimu wake: kaskazi. Januari hadi Machi jua ni kali, mvua haba. Lima kina cha jembe zima, karibu sentimita 30, ingawa viazi vingi viko kwenye sentimita 15 za juu. Viache juu vikauke wiki mbili bila tone la maji, kisha kusanya kwa reki na uvichome au uvitupe mbali. Usivitie kwenye lundo la mboji. Halafu mwagia maji kidogo makusudi, ili vilivyojificha vichipue, ulime tena. Panda Aprili masika yakianza, vipandikizi sentimita 20 kwa 20, yaani 25 kwa kila mita ya mraba. Ua wa mita sita kwa nane unataka 1,200. Watu wakisikia hesabu hiyo hununua 300, wanazitawanya, kisha wanalalamika kwamba hazifungi.

"Lakini fundi, miezi mitatu ua uko wazi, wageni wataona nini?" Wataona udongo. Si dhambi.

Nilimuuliza pia yule mama ndago zilikotoka. Akakumbuka: lori la udongo mwekundu, alilomwaga juu ya mchanga wake mwaka mmoja kabla. Hapo ndipo dhana ya pili inaponichosha, kwamba udongo wa Pwani ni mbovu, lazima uletwe mwingine kutoka bara. Lori huja na viazi vya ndago bure, na udongo mzito uliotandazwa juu ya mchanga hushika maji juu juu, mizizi ikagoma kushuka. Chini yetu ni matumbawe ya kale, na yana mimea inayoyaweza. René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi mwaka 1971, alijaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu, mvinje ukiwa mmojawapo. Alichagua mti unaolipenda jiwe. Wewe changanya samadi iliyooza vizuri, basi.

Na tafadhali, msimwage majivu ya jiko. Udongo wa matumbawe una chokaa ya kutosha. Ukiongeza majivu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, majani yanageuka manjano, nawe unadhani una njaa ya mbolea.

Maji ya kisima nayo: yakionjwa na kuwa na chumvi, mmea nao umeonja. Visima vingi kisiwani ni hivyo, bahari iko karibu. Usikonde, chagua mmea wa chumvi. Nyasi za Pemba zinavumilia, tena zinaota chini ya mwembe pasipoota kitu. Penye jua mimi hupanda lipia, ile yenye viua vyeupe vidogo. Inatambaa ardhini kabisa, inakanyagika kidogo, ila nyuki huipenda, kwa hiyo watoto wasitembee pekupeku asubuhi.

Wedelia, ile ya maua manjano, siuzi. Ndiyo, inakimbia kuliko zote na ni rahisi, na ndiyo iliyokuwa kwenye gunia la yule mama. Shirika la uhifadhi la IUCN limeiweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi. Ukiikata ukatupa jalalani, jalala linageuka shamba. Mtakuwa mmeondoa ndago mkaleta bwana wake.

Kuhusu nyoka, hofu si ya bure kabisa. Nyoka hufuata panya na vyura, na majani marefu yaliyosongamana huwaficha wote. Acha ukanda wa kokoto wa nusu mita ukutani, kata yakifika kifundo cha mguu. Wanaotaka kokoto ua mzima niwaambie tu wakae barazani saa nane mchana mwezi wa Februari, wazungumze na joto lake.

Yule mama sijachoma gunia lake, ingawa nilitamani. Tulilitandaza likauke juani, kisha vijana wawili wakaanza kulima. Siku ya kwanza walijaza ndoo nne za ndago, na hawakuwa wamefika nusu ya ua.