Nazi moja ya Jumanne

Jumanne moja jioni binti yangu alirudi kutoka tuisheni akakuta nimetandika mkeka barazani, sinia lenye maua limetoka kabatini, na pembeni pana kibakuli cha pilipili ya kusaga na vipande vya ndimu. Akasimama mlangoni, mkoba begani. "Shikamoo mama. Leo kuna mgeni?" Nikaitika marahaba, nikamwambia hakuna mgeni, nenda kanawe. Hakuamini. Alikwenda kuchungulia sebuleni, akarudi na uso wa mtu anayefichwa jambo.

Swali lile lilinikaa, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza hivyo. Kwa miaka mingi sinia lile lilikuwa la wageni, iliki ilikuwa ya Iddi, na sisi wenye nyumba tulikula chochote kilichoiva upesi. Na mimi kazi yangu ni upishi.

Napika shughuli hapa Tanga, huu ni mwaka wa 22: harusi, maulidi, hitima, na futari za watu wengi mwezi wa Ramadhani. Watu huniuliza mapishi mapya nayatoa wapi, wakidhani yanazaliwa kwenye masufuria makubwa ya uani. Hayazaliwi huko. Mwenye harusi anataka biriani aliyoizoea tangu kwa bibi yake, na amealika watu 300. Kilo 40 za mchele si mahali pa kujaribia kitu. Shughulini mpishi hufanya lile mkono wake unalolijua hata gizani. Jipya lolote nililowahi kulipeleka shughulini lilianzia nyumbani kwangu, katikati ya wiki, kwa nazi moja na watoto wawili wa kuonja. Likiharibika tunalila hivyo hivyo, na siku ya pili napika tena.

Basi nieleze hiyo nazi moja, maana ndani yake mna nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chagua iliyo nzito kuliko umbo lake. Itikise karibu na sikio. Maji yakicheza ndani, ni nzima. Isiyo na sauti huenda ina ufa, au imeanza kukauka kuwa mbata. Yatazame macho yake matatu: ukiona unyevu au ukungu, mrudishie muuzaji. Koroma usinunue kwa ajili ya tui, nyama yake bado changa na mafuta hayajajaa. Ukishaivunja, ikune kwenye mbuzi bila kufika kwenye ile ngozi ya kahawia, la sivyo tui litatoka na weusi weusi. Mwenye blenda atumie blenda, nami naitumia nikichelewa, na sioni sababu ya mtu kuaibishwa kwa hilo.

Jambo linaloamua zaidi ni maji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana asubuhi za Julai chupa ya mafuta ya nywele huwa na mawingu meupe ndani. Ukikamua nazi kwa maji ya baridi, mafuta mengi yanabaki kwenye machicha. Ukikamua kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo kidole kinayavumilia bila shida, mafuta yanalainika na kutoka.

Mkamuo wa kwanza natia kikombe kimoja tu, nafikicha kwa vidole dakika mbili tatu, napitisha kwenye kifumbu. Hilo ni tui zito, wengine huliita kasimile, na nikishaliweka kando haligusi mtu. Mkamuo wa pili natia vikombe viwili. Hilo ni tui jepesi la kuivishia. Mkamuo wa tatu ni maji yenye harufu tu ya nazi, nayo nachemshia mihogo au maboga.

Kwa nini nayatenga? Tui ni vitone vidogo mno vya mafuta vilivyotawanyika majini, na kinachovizuia visiungane ni protini za nazi zinazovizunguka kama ngozi nyembamba. Moto mkali unazikaza protini hizo na mchemko wa fujo unazivuruga. Vitone vinaungana, mafuta yanapanda juu, chini yanabaki maji yenye chengachenga kama maziwa yaliyoharibika. Hapo tunasema tui limekatika. Ndimu na ukwaju ukivitia mapema huleta balaa lile lile, kwani uchachu nao unazikaza protini. Wazee waliponiambia nisilipe tui mgongo, nichote kwa upawa na kumimina tena na tena mpaka litulie, walikuwa wananipa sayansi hiyo hiyo kwa njia ya mkono.

Kwa hiyo tui jepesi huivisha na tui zito humalizia. Chukua mbaazi. Nazichemsha kwa maji matupu mpaka zilainike kabisa. Nyanya haziingii kabla ya hapo, kwa sababu uchachu wake unazifanya mbaazi zigome kuiva. Kisha kitunguu, manjano kidogo, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na tui jepesi. Mwisho kabisa namimina tui zito, moto mdogo, na likianza kutokota pembezoni naepua. Tui la paketi huvumilia moto zaidi kwa kuwa mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikiza. Ni msaada wa kweli kwa anayetoka kazini saa 12 jioni. Ladha yake ni ile ile kila siku, lakini nazi uliyoikuna mwenyewe kila moja ina utamu wake.

Sasa ile Jumanne. Nilikuwa nimepata vibua vinne sokoni, samaki wa bei ya chini anayedharauliwa na watu wa shughuli kwa sababu ana mafuta na harufu yake haijifichi. Nikavichanja, nikavipaka chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, nikawasha mkaa ili niwafanye wa kupaka. Kufika kwenye ukwaju, kopo tupu. Duka la karibu halina. Kwa jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, kuna mbilimbi, mti wa matunda machachu, uliolalia ukuta wetu, na alishaniambia zamani nichume ninapohitaji. Samaki na bilimbi vinajuana miaka mingi hapa pwani. Hilo si langu. Nilichofanya ni kuzitupa bilimbi nzima juu ya wavu, kando ya samaki, mpaka zikasinyaa na kupata mabaka meusi. Nikaziponda kwenye kinu kidogo na pilipili iliyochomwa pia.

Tui zito nililipika peke yake na kitunguu na manjano, nikilikoroga mpaka likawa zito la kushika kijiko. Nikaliepua, likapoa kidogo, ndipo nikachanganya bilimbi. Angalia mpangilio huo: uchachu uliingia moto ukiwa umeshatoka. Nikampaka samaki upande mmoja, nikamgeuza, nikapaka wa pili, nikarudia mara tatu. Kila mpako unashika juu ya mwenzake, na mafuta yanayodondoka kwenye makaa yanarudi juu kama moshi. Ukwaju una utamu wake mzito wa kama sukari guru. Bilimbi iliyochomwa ina ukali safi, na kibua, kwa mafuta yake yale, ndiye samaki hasa anayeuhitaji. Nguru angepwaya. Hilo nililijua baada ya kutafuna, sikulijua kabla.

Nilipolionja ndipo nikaenda kutoa sinia kabatini. Kilichonipeleka ni furaha. Sherehe ilianza na chakula chenyewe, sikuipanga.

Machicha nayo nilikuwa nayo, na kwa kawaida ni ya kuku. Siku hiyo niliyakaanga makavu kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, nikigeuza bila kupumzika kwa sababu yanaungua ghafla, mpaka yakawa rangi ya mchanga wa pwani uliolowa. Chumvi, pilipili kavu, maganda ya ndimu niliyoyakwangua. Unanyunyiza juu ya wali na unasikia kitu kinavunjikavunjika mdomoni katikati ya ulaini wote ule. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuyapeleka shughulini. Mpishi mwenzangu aliyenizidi umri alikataa katakata yasiguse biriani, na nadhani alikuwa sahihi, biriani ina mengi tayari. Tukayaweka kwenye mbaazi. Sasa watu wanayaagiza.

Wali wenyewe haunichukui maneno mengi: tui jepesi lichemke kwanza na chumvi, mchele uliooshwa uingie, maji yakikaribia kukauka funika na upalie makaa juu ya kifuniko. Ukitaka ukoko mzuri, mwishoni zungushia matone ya tui zito pembeni mwa sufuria, mafuta yake yatashuka chini na kuukaanga. Kwetu ukoko unagawiwa kwa haki kabisa, vinginevyo hapalaliki. Ila wali wa nazi unachacha haraka katika joto letu, na katika mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto vizuri asubuhi. Kiporo unachotaka kula kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike kinachokwisha. Nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona nyumba nzima ikiugua kwa jambo hili dogo.

Mara nyingi naambiwa, hasa na watu wa rika langu, kwamba huku kujaribujaribu ni kuharibu chakula cha asili. Naliheshimu neno hilo, kwa kuwa nami biriani ya harusi siigusi. Lakini muhogo tunaoupika kwa nazi kila Ramadhani ulitoka Amerika, na ulifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Mahindi, nyanya, viazi vitamu na pilipili kali hizi tunazoziponda, asili yao ni huko huko. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331, huko Mogadishu alilishwa wali wa samli kwenye chombo kikubwa cha mti, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na ndimu za kuchachusha, tangawizi mbichi na maembe. Sinia lile ningelitambua leo. Lakini nyanya haikuwamo, muhogo haukuwamo. Kwa hiyo palikuwa na jioni fulani, baadaye sana, ambapo mtu wa pwani alishika mzizi mgeni, akaumenya, akautia kwenye tui kwa mara ya kwanza bila kujua utatokaje. Sidhani alithubutu hivyo kwenye harusi. Naamini ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne yangu, na waliokuwa wakingoja walikuwa watu wake wa nyumbani tu.

Kwa wanaoniandikia kwamba hawana muda wala viungo: badilisha kitu kimoja tu kwa wiki. Uchachu ndio mahali rahisi pa kuanzia, kwa sababu tunao mwingi na tunautumia kwa mazoea: ndimu, ukwaju, embe bichi, bilimbi, maziwa ya mgando. Pika mchuzi wako ule ule, badilisha uchachu, kisha onja kwa makini. Iliki iponde siku hiyo hiyo unapoitumia. Ikishasagwa harufu yake inakimbia, na ile ya kopo iliyokaa miezi sita ni vumbi. Viungo vikavu vipite kwenye mafuta kabla ya maji, kwani harufu nyingi zimo kwenye vitu vinavyoyeyuka katika mafuta. Na mwite mtoto aonje kabla hujamaliza kutia chumvi. Wangu wa kiume ana miaka tisa na sasa yeye ndiye anayekuna nazi, na ana maoni.

Usiku ule tulikula watatu kwenye sinia moja. Kibua wa nne nilimfunika kwenye bakuli na wali kidogo, binti akampelekea bibi mwenye mbilimbi. Alirudi amechelewa, akasema bibi alimkalisha akataka aelezwe zile bilimbi zilichomwa kwanza au zilipondwa kwanza. Bakuli lilirudi Alhamisi lina visheti sita, na chini ya kitambaa, bilimbi mbili zilizochomwa kwa moto wake mwenyewe, akitaka nimwambie kama ni hivyo.