Phở kwenye chungu cha umeme: kazi ya usiku na kazi ya moto

Phở ni supu ya Kivietnam ya mifupa ya ng'ombe, huliwa na tambi za mchele, na huanza kupimwa kwa macho. Imwage kwenye bakuli jeupe kabla hujaweka tambi wala majani, uitazame. Inatakiwa uone chini ya bakuli, rangi iwe kama chai ya rangi isiyokolea sana, na juu yaelee matone madogo ya mafuta yanayong'aa. Ikifanana na maji yaliyooshewa mchele, kosa limeshafanyika saa nyingi nyuma, na hakuna kiungo kitakachoiokoa. Nimepika miaka 6 katika jiko la mgahawa wa Kivietnam hapa Houston, Marekani, na sikuwahi kuonywa juu ya jambo lolote kama nilivyoonywa juu ya hili.

Aliyenifundisha ni mama wa makamo niliyemwita Cô, yaani shangazi. Kwa Wavietnam, kama kwetu, mkubwa haitwi kwa jina tupu. Cô aliweka sufuria la mifupa motoni jioni, na usiku kucha palikuwa na mtu wa kuliangalia. Nyumbani kwangu hakuna mtu wa zamu ya usiku. Kuna chungu cha umeme, kile chenye bakuli zito la kauri na kifuniko cha kioo, kinachopika kwa moto wa taratibu saa 8, saa 10, hata zaidi. Usikichanganye na sufuria la presha. Lile hukimbia, hiki hutembea.

Mara ya kwanza nilipokitumia kwa phở niliweka kila kitu pamoja saa 3 usiku: mifupa mibichi, nyama, vitunguu, tangawizi, viungo vyote, maji hadi juu. Asubuhi nikakuta supu ya kijivu, nzito kwa harufu ya dawa ya kikohozi na nyepesi kwa ladha ya nyama. Niliimwaga kwa uchungu, maana mifupa ile nilikuwa nimeichagua mwenyewe buchani. Tangu hapo nimeipika tena na tena hadi nikaelewa mahali kosa lilipo. Chungu cha umeme kinafanya nusu ya kazi ya phở vizuri kuliko mimi. Nusu ya pili hakiiwezi hata kidogo, na ukikilazimisha kitaiharibu na ile ya kwanza.

Nusu kinayoiweza ni mifupa. Kwenye viungio vya mfupa na kwenye kano kuna kolajeni, ambayo ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto huyeyuka na kuwa jelatini. Hiyo ndiyo inayoifanya supu ya makongoro ishike midomo, na ikilala kwenye friji iamke imeganda. Kolajeni haihitaji maji yanayochemka kwa fujo. Inahitaji joto la karibu na kuchemka, na subira. Maji yakitibuka sana, mafuta hupasuka vipande vidogo mno, yakachanganyika na supu na kuitia ukungu. Chungu cha umeme hupasha kwa utulivu, maji yake hutikisika tu. Usiku mzima mafuta yanabaki juu, supu inabaki safi chini.

Tena moto wa aina hii si mgeni kwa phở. Chakula hiki kilizaliwa kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, mkoa wa Nam Định na jiji la Hanoi, wakati wa utawala wa Wafaransa. Kabla yao ng'ombe alikuwa wa kulima zaidi kuliko wa kuliwa. Wafaransa walitaka nyama, mifupa ikabaki kwa bei rahisi, na wachuuzi wakajua la kuifanyia. Walitembea mitaani na mzega begani: upande mmoja sufuria juu ya makaa, upande mwingine tambi, nyama na mabakuli. Makaa yale hayakuweza kuchemsha supu kwa fujo siku nzima. Yaliitunza ikiwa moto tu. Kwa hiyo mtu akiniambia chungu cha umeme ni kuivunjia phở heshima, namkumbusha yule mchuuzi na makaa yake.

Sasa kazi yenyewe. Kwa chungu cha lita 6 natumia mifupa kilo 2. Nusu iwe ya goti na makongoro kwa ajili ya jelatini, nusu iwe ya uboho, na nikipata kipande cha mkia nakiongeza kwa utamu wake. Mwambie muuza nyama aikate vipande vya kushikika mkononi.

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Loweka mifupa saa nzima kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo ili damu itoke. Mwaga. Itie kwenye sufuria la kawaida, funika kwa maji mapya, washa moto mkali kabisa, na uache ichemke dakika 10. Povu litapanda, la kijivu na la kahawia, na litakuwa baya kulitazama. Mwaga maji yote. Osha mfupa mmoja mmoja chini ya bomba, sugua damu iliyogandia kwenye mikunjo, osha na sufuria. Kwenye jiko la kawaida aliyeiruka hatua hii anaweza bado kujiokoa kwa kuengua povu kwa upawa. Kwenye chungu cha umeme hawezi. Moto ni mdogo, povu halipandi kwa pamoja ukaliona, linachanguka polepole na kutawanyika ndani ya supu. Na kila ukifunua kifuniko, joto linatoroka na huchukua dakika nyingi kurudi.

Mifupa ikiwa safi, itie kwenye chungu, mimina lita 3 za maji yaliyokwisha kuchemka, si ya bomba, ili chungu kisikae saa kadhaa kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Usizidishe maji. Kifuniko hurudisha karibu mvuke wote ndani, kinachopungua ni kidogo, na maji uliyoweka saa 3 usiku utayakuta karibu yote asubuhi. Weka moto mdogo, nenda ukalale. Chumvi bado.

Kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika usiku, pika mchana ukiwa macho. Ukiamka ukakuta chungu kimepoa na hujui kilizima saa ngapi, mwaga. Kuchemsha upya hakuondoi kila sumu ambayo vijidudu huwa wameshaiacha.

Saa 1 asubuhi ni zamu ya nyama na moto wa kweli. Nyama ni ya kidari, gramu 700 hivi, ikiwa pande moja na mafuta yake kidogo. Ichemshe kando dakika 5, ioshe, uizamishe kwenye chungu. Kisha chukua vitunguu maji 2 vikubwa na kipande cha tangawizi kirefu kama kiganja, na uvichome. Kukaanga hakutoshi. Viweke juu ya mwali wa gesi au kwenye jiko la mkaa, ugeuze kwa koleo hadi ganda libabuke liwe jeusi na ndani kuanze kulainika na kutoa utamu. Menya lile jeusi, suuza haraka, ponda tangawizi kwa ubapa wa kisu, vyote viingie chunguni. Harufu ya moshi na utamu wa kitunguu kilichoungua ndiyo sakafu ya phở, na hakuna kitufe kwenye chungu cha umeme kinachoweza kuitoa. Msomaji mwenye jiko la mkaa ana bahati hapa kunishinda mimi na gesi yangu.

Viungo vinakuja baadaye kabisa, saa 5 asubuhi, saa 3 kabla ya kuipua. Kwa lita 3 za maji natumia nyota 5 za anisi, yale matunda makavu yenye pembe 8, mdalasini wa gome nene kijiti 1, mbegu za giligilani kijiko 1 cha chakula, karafuu 4, na nikiwa nayo, iliki nyeusi 1 kubwa iliyopondwa, inayoitwa thảo quả. Vikaange bila mafuta hadi vinukie, vifunge kwenye kitambaa, vitumbukize. Viungo hivi vikilala usiku kucha chini ya kifuniko ambacho hakitoi pumzi, harufu nzuri hugeuka uchungu. Ndiyo dawa ya kikohozi niliyoinywa siku ile.

Nawaambia wenzangu wa pwani bila kuficha: zuieni mkono wa pilau. Sisi tunaoijua karafuu tangu utotoni huona 4 ni uchoyo. Lakini pilau ina mchele wa kubeba karafuu 10, na phở ina maji tu. Karafuu ikizidi, ulimi unakufa ganzi na nyama haisikiki tena. Bizari nyembamba isiingie kabisa. Ukiitia utapata supu tamu, na itakuwa supu yetu.

Saa 8 mchana toa nyama. Kabla haijakauka na kuwa nyeusi, izamishe kwenye maji baridi dakika 10, kisha iache ipoe ndipo uikate vipande vyembamba, kisu kikikingama na nyuzi. Chuja supu kwa chujio lililotandikwa kitambaa. Usikamue mifupa wala vitunguu, acha idondoke yenyewe.

Sasa chungu cha umeme kimemaliza kazi yake. Kiondoe mezani. Ukionja sasa utasikia utamu, lakini umelegea, kwa sababu maji hayakupungua vya kutosha. Rudisha supu kwenye sufuria ya kawaida, iwe wazi, juu ya jiko. Engua mafuta lakini usiyamalize. Kuna Wavietnam wanaoagiza bakuli dogo la mafuta hayo pembeni, wakiyaita nước béo, na mimi nawaelewa. Acha supu itokote kwa upole dakika 20 hadi 30 hadi ipungue kama sehemu moja ya sita. Ndipo utie chumvi vijiko 2 vya chai, sukari ya mawe kipande cha ukubwa wa ndimu ndogo, na nước mắm vijiko 4 vya chakula. Hiyo nước mắm ni maji yanayotoka kwenye samaki wadogo kama dagaa waliovundikwa na chumvi miezi mingi. Chupani harufu yake inatisha, kwenye supu haisikiki kama samaki, inaisimamisha nyama tu. Itie mwishoni, kwa sababu ikichemka muda mrefu hubaki uvundo. Supu ukiionja peke yake iwe imezidi chumvi kidogo kuliko unavyopenda, maana tambi na majani havina chumvi na vitaigawana.

Tambi za mchele, bánh phở, loweka kwenye maji vuguvugu nusu saa. Bakuli likiwa tayari na wageni wamekaa, zichovye kwenye maji yanayochemka sekunde 15, zikung'ute, zitie bakulini. Usizipike ndani ya supu yako. Zitaitia ukungu kwa wanga wake, na kazi ya usiku wote itapotea kwa dakika moja.

Juu yake nyama, majani ya vitunguu, kotmiri, na kitunguu maji kilichokatwa kama karatasi. Mimina supu ikiwa inachemka, si ya moto tu. Kwenye migahawa utakuta phở tái, yenye nyama mbichi iliyokatwa nyembamba sana, inayoivishwa na supu ile ndani ya bakuli. Naipenda, ila siipendekezi kwa nyama usiyojua imekaguliwa wapi. Tegu wa ng'ombe yupo Afrika Mashariki, na sekunde chache za supu si kinga. Kidari kilichoiva, chín, hakina upungufu wowote.

Ya mezani inategemea umefuata kaskazini au kusini. Hanoi hawapendi bakuli lijae vitu: siki yenye vitunguu saumu, pilipili, na pembeni quẩy, vijiti vya unga vilivyokaangwa ambavyo mla mandazi yasiyo na sukari atavielewa mara moja. Vietnam ilipogawanywa mwaka 1954 watu wengi wa kaskazini walihamia kusini wakiwa na supu yao, na huko ikakutana na rehani, chipukizi za choroko, ndimu na sosi tamu ya soya. Baada ya mwaka 1975 wakimbizi walibeba bakuli hilo la kusini hadi Marekani, ndiyo maana Houston ukiagiza phở huletewa sinia zima la majani. Mimi huweka rehani na ndimu, sosi tamu naiacha kwenye kisahani cha kuchovyea nyama. Nimekesha kwa ajili ya supu ile, sitaki kuipaka rangi.

Itakayobaki usiiache ndani ya chungu. Kauri hushika joto, na supu itakaa saa nyingi bila kuwa ya moto wala ya baridi. Igawe kwenye vyombo vifupi, viweke kwenye maji ya barafu, kisha friji ndani ya saa 2. Kesho yake alfajiri utaikuta imeganda na inatetemeka ukigusa chombo. Ichemshe jikoni, si chunguni, ukiloweka tambi wakati huohuo. Hanoi hiyo ndiyo saa yake hasa: phở ni chakula cha asubuhi kwao, kama supu na chapati ilivyo kwetu.