Mstari wa Mendoza

Mchezaji wa besiboli akisemwa kuwa "yuko chini ya Mstari wa Mendoza", ujue gongo lake limekwama: wastani wake wa kupiga umeshuka chini ya 0.200. Wastani huo hupatikana kwa kuchukua mapigo safi, yale yaliyomfikisha kwenye besi (kituo ambacho mpigaji hukikimbilia), na kuyagawa kwa zamu zake za kupiga. Kwa hiyo 0.200 ni mapigo mawili katika zamu kumi. Mgeni wa mchezo huu anaweza kushtuka akiambiwa kwamba hata matatu katika kumi ni kazi ya hodari.

Jina ni la Mario Mendoza, aliyezaliwa Chihuahua, Meksiko, mwaka 1950. Alicheza ligi kuu ya Marekani kuanzia 1974 hadi 1982, kwanza Pittsburgh Pirates, kisha Seattle Mariners, mwisho Texas Rangers. Mwaka 1979 akiwa Seattle alipata mapigo 74 katika zamu 373, yaani 0.198. Wenzake Tom Paciorek na Bruce Bochte wakaufanya wastani huo utani, na utani ukamfikia George Brett, mpigaji nyota wa Kansas City Royals. Siku hizo magazeti ya Jumapili yalichapisha orodha ya wapigaji, wa juu hadi wa chini, na Brett akasema yeye huanza kutafuta nani yuko chini ya mstari huo. Mtangazaji Chris Berman wa ESPN, runinga ya michezo, akaudaka msemo, na nchi nzima ikaujua.

Kinachoniuma ni swali ambalo wengi hawaulizi. Msimu ule Mendoza alicheza mechi 148 kati ya 162. Kocha gani humpanga mtu asiyepiga karibu kila siku?

Jibu liko kwenye glovu. Mendoza alilinda pengo kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali panapopita mipira mingi ya ardhini. Mpira unakuja ukidunda kwenye udongo, na mpigaji ameshaanza kukimbilia besi ya kwanza, mita 27 tu, safari ya sekunde nne na kidogo. Ndani ya muda huo mlinzi aufuate mpira, auokote, ageuke na kuutupa upande wa pili wa uwanja. Ukimponyoka mara moja tu, mkimbiaji kafika. Kwao Meksiko walimwita Manos de Seda, mikono ya hariri, na mwaka 2000 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli wa nchi hiyo.

Kwa hiyo mimi nausoma mstari huu hivi: ni kiwango ambacho chini yake hata mikono ya hariri haitoshi kumweka mtu uwanjani. Tena Mendoza mwenyewe alimaliza ligi kuu na wastani wa 0.215, juu ya mstari wenye jina lake.

Siku hizi mstari umelegea, kwa sababu timu zinathamini sana mapigo yanayovuka uzio. Mwaka 2023 Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies alipiga 0.197, chini hata ya Mendoza wa 1979, na hakuna aliyefikiria kumweka benchi: alivusha mipira 47. Mendoza, katika misimu yake yote tisa, alivusha minne.