Meneja wa Jukwaa Hana Mamlaka ya Kusamehe Mapumziko

Tangu mazoezi ya msimu huu yaanze, barua zinazofika kwenye dawati letu la mikataba zimekuwa na kisa kimoja kinachojirudia. Mwigizaji analalamika kwamba mapumziko yamekatwa. Mtayarishaji anajibu kwamba meneja wa jukwaa aliruhusu. Meneja wa jukwaa naye anaandika kwa unyonge kwamba mwongozaji alimwomba "dakika tano tu" na kundi zima likakubali kwa kutikisa kichwa.

Sina shaka na nia ya yeyote kati yao. Ninachotaka kieleweke ni kwamba wote watatu wamekosea kwa namna ileile: wanaamini muda wa mapumziko ni wa meneja wa jukwaa, anaugawa na kuusamehe apendavyo. Yeye anautangaza na kuuandika. Mwenye muda huo ni mkataba uliosainiwa kati ya chama cha wafanyakazi na watayarishaji, na kutikisa kichwa hakubadilishi mkataba.

Nazungumzia majumba ya Marekani yanayofanya kazi chini ya mikataba ya Actors' Equity Association. Chama hicho kina jambo ambalo watu wa nje hulisahau: waigizaji na mameneja wa jukwaa ni wanachama wa chama kimoja. Meneja anayemwambia mwigizaji arudi kazini ni mwanachama mwenzake, na mapumziko anayoyatangaza ni yake pia. Mafundi wa taa, mandhari na sauti katika majumba mengi wako chini ya IATSE, chama kilichoanzishwa mwaka 1893, chenye saa zake za mlo na taratibu zake. Kukiwa na wanamuziki wa chama, wao nao wana mkataba wao. Kwa hiyo siku ya mazoezi ya ufundi meneja anaweza kuwa anahesabu saa tatu tofauti kwa wakati mmoja, na hapo bado mwongozaji hajauliza kwa nini pazia limechelewa.

Kanuni inayoleta barua nyingi ni hii. Baada ya dakika 55 za mazoezi, mapumziko ya dakika 5. Au baada ya dakika 80, mapumziko ya dakika 10. Mazoezi yakianza saa nne kamili asubuhi, meneja ana njia mbili: asimamishe kazi saa tano kasoro dakika tano, au aache iendelee hadi saa tano na dakika ishirini kisha atoe dakika kumi. Hakuna njia ya tatu ya kuyalimbikiza mapumziko ili watu waende nyumbani mapema. Nimelijibu ombi hilo mara nyingi mno, na jibu halijabadilika. Mchezo unapopitishwa wote bila kusimama kuna masharti yake maalumu. Someni kifungu cha mkataba wenu, msitegemee kumbukumbu ya jumba mlilofanyia kazi mwaka jana.

Dakika tano zinaanza pale mwigizaji anapokuwa huru. Mwongozaji akimshika mkono mwigizaji na kumpa maelekezo ya tukio la pili wakati wenzake wanakunywa maji, yule mmoja hajapumzika. Meneja makini hulimaliza jambo hilo papo hapo, kwa sauti ya kawaida: "Huyu bado yuko mapumzikoni, utampata saa tano kamili." Ndiyo maana pia kuna ile desturi ya kuitikia. Meneja akitangaza "Dakika tano," chumba kizima hujibu "Asante, tano." Wageni huidhani ni adabu tu, lakini kazi yake ni kumthibitishia meneja kwamba tangazo limesikika, ili baadaye asijitokeze mtu wa kusema hakuambiwa.

Je, kundi haliwezi kukubaliana lolote? Linaweza, pale mkataba wenyewe unapotoa nafasi. Baadhi ya mikataba, kwa mfano, inaruhusu mlo wa saa moja na nusu ufupishwe hadi saa moja ikiwa wanachama watapiga kura ya siri na idadi inayotakiwa ikapatikana. Kura hiyo inasimamiwa na mwakilishi wa wanachama. Mtayarishaji haisimamii, na mwongozaji haiitishi kwa kuuliza, "Kuna anayepinga?" huku akiwaangalia usoni. Hakuna mwigizaji wa mwezi wa kwanza kazini atakayenyoosha mkono mbele ya mtu anayeweza kumwajiri tena, na kwa sababu hiyo kura ikawekwa kuwa ya siri.

Mwakilishi huyo huchaguliwa mwanzoni mwa mazoezi kutoka miongoni mwa waigizaji, na kazi yake ni kuwa kiungo kati ya kundi na chama. Wakati wa uchaguzi, watu wa upande wa mtayarishaji hutoka chumbani. Wanatoka kweli, hawasogei tu hadi kwenye kona yenye birika la kahawa. Utaratibu wa malalamiko unakwenda hivi: mwigizaji humweleza mwakilishi. Mwakilishi huandika tarehe, saa, mahali na waliokuwapo. Anaweza kumuuliza meneja kama ripoti yake ya siku inalingana na maelezo hayo. Kisha hupeleka taarifa kwa afisa wa chama anayeshughulikia jumba hilo, na afisa ndiye anayezungumza na mtayarishaji. Lisipomalizika hapo, huwa dai rasmi la maandishi, vikao vya pande mbili, na mwisho linaweza kufika kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake unazifunga pande zote. Mwakilishi hatakiwi kugombana na mtayarishaji mlangoni, wala meneja hatakiwi kugeuzwa hakimu. Barua kadhaa nilizosoma mwezi huu zilikuwa dai halali lililoharibiwa na mabishano ya koridoni ambayo hakuna aliyeyaandika.

Sasa niseme kuhusu ripoti, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kabla ya kuingia ofisini nilikuwa meneja wa jukwaa. Katika jumba moja ambalo sitalitaja, tulikuwa wiki ya mwisho ya mazoezi na muda ulipaswa kuisha saa nne usiku. Mwongozaji aliomba tumalizie tukio la ngazi. Tulimaliza saa nne na dakika ishirini. Nilikaa kwenye meza yangu ya kando ya jukwaa, taa ndogo ya buluu juu ya karatasi, nikaandika kwa penseli: "Mazoezi yameisha saa nne." Niliona nawasaidia. Mtayarishaji asingedaiwa, mwongozaji asingelaumiwa, nasi tungelala kwa amani. Asubuhi yake mwigizaji mmoja alikuja akichechemea. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi ile, yapata saa nne na dakika kumi, na kwa aibu hakusema kitu usiku ule. Fomu yake ya ajali ilisema alikuwa kazini. Ripoti yangu ilisema alikuwa ameshaondoka. Bima ya majeruhi kazini inauliza swali hilo kwanza: uliumia ukiwa kazini? Karatasi pekee ya kulijibu ilikuwa yangu, na ilikuwa ya uongo.

Dai lake lilichukua muda mrefu kuliko lilivyostahili. Niliirekebisha ripoti kwa maandishi, nikasaini, na nilipomwomba radhi yeye ndiye aliyenifariji.

Tangu hapo nimewafundisha wanaoanza kazi hii kuandika saa ya kweli, hata inapowauma marafiki zao. Msitumie vivumishi. Msiandike "mwongozaji kwa makusudi" au "waigizaji wavivu". Andikeni hivi: "Mapumziko yalitakiwa saa 5:20, yalitolewa saa 5:31. Tukio la pili liliendelea." Inatosha. Katika baadhi ya mikataba saa za ziada huhesabiwa kwa nusu saa au sehemu yake, maana yake dakika tatu zilizozidi zinaweza kulipwa kama thelathini. Mtayarishaji anayeona ripoti za kweli kila usiku atalijua hilo mapema na kupanga ratiba yake upya. Anayefichwa hulijua siku ya dai, likiwa limeshakuwa kubwa.

Hali kadhalika karatasi ya mahudhurio. Kila mwigizaji anasaini mwenyewe kabla ya tangazo la nusu saa. Meneja hamsainii mtu, hata kama amemwona kwa macho yake akipita mlangoni. Katika majumba ya Marekani nusu saa hutangazwa dakika 30 kabla ya pazia. Waliowahi kufanya kazi Uingereza watakumbuka kwamba kule hutangazwa dakika 35 kabla ya pazia, kwa kuwa waigizaji wa mwanzo wanaitwa dakika 5 kabla. Mwigizaji asiyesaini kwa wakati ndiye anayemfanya meneja ashike simu, na simu isipopokelewa, mwigizaji wa akiba aanze kuvaa maleba. Rafiki akikusainia kwa huruma, dakika hizo za maandalizi zinapotea na mwenzako anaingia jukwaani bila hata kupasha sauti.

Watayarishaji wadogo nao wana imani moja ambayo lazima niiondoe bila kuzunguka. Wanasema, "Sisi hapa ni familia," kisha meneja wa jukwaa anatumwa kununua chakula cha kundi, kukusanya saini za mikataba na kusaini tangazo la kufunga mchezo. Kanuni za kazi ya meneja chini ya Equity zinayakataza mambo hayo kwa kuyataja: kushughulikia mikataba na viambatisho vyake, kushiriki kuagiza chakula cha kundi, kusaini notisi ya kufunga onyesho au ya kumwachisha mwigizaji kazi. Hizo ni kazi za uongozi. Meneja anayempelekea mwenzake barua ya kuachishwa kazi asubuhi hawezi jioni kumwambia, "Niamini, sakafu iko salama, ruka."

Kazi yake yenyewe inatosha kumjaza. Anaitisha mazoezi na kuyaendesha kwa utaratibu. Anatunza jalada kuu, lile faili nene lenye skripti, kila nyendo ya mwigizaji na kila ishara ya taa, sauti na mandhari, limeandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuliendesha onyesho lile iwapo yeye angeugua. Anabandika vipande vya utepe sakafuni ili kiti kirudi palepale kila usiku. Onyesho linapoanza, sauti yake ndiyo inayosikika masikioni mwa mafundi: "Taa 47, jiandae," halafu kimya, halafu lile neno moja la kuruhusu. Mafundi wamefunzwa kutenda wanapolisikia, ndiyo maana hakuna mtu mwingine anayelitamka kwenye hedseti, hata katika mazungumzo ya kawaida. Chini ya winchi inayoshusha mandhari kunaweza kuwa na mtu gizani.

Na mwongozaji akishaondoka baada ya usiku wa kwanza, meneja ndiye anayelinda onyesho libaki kama lilivyokusudiwa. Mwigizaji anayepewa maelekezo na meneja katika wiki ya sita hajadharauliwa. Huo ni wajibu uliomo katika kanuni zilezile zinazomlinda yeye.

Watazamaji nao wanaandika, hasa wanaokasirika kwamba wamezuiwa kukaa kwenye njia au mlango umechelewa kufunguliwa. Meneja haruhusu watu kuingia mpaka jukwaa liwe tayari na njia za kutokea ziwe wazi. Tarehe 30 Desemba 1903 moto ulizuka katika Iroquois Theatre mjini Chicago wakati wa onyesho la mchana. Pazia la kuzuia moto lilikwama lisishuke, milango mingi ilikuwa imefungwa, na watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Sina maelezo mengine kwa anayedhani kukaa kwenye ngazi ni jambo dogo.

Wapo wanaouliza kwa nini dakika hizi zinahesabiwa kwa ukali hivi. Chama kilipoundwa mwaka 1913, waigizaji walikuwa wanafanya mazoezi kwa wiki nyingi bila malipo, wananunua maleba yao wenyewe, na ziara ikivunjika njiani wanaachwa mji wa mbali bila nauli. Mwaka 1919 waligoma kwa siku 30, mafundi wa jukwaa na wanamuziki wakaungana nao, majumba yakafungwa, na watayarishaji wakakubali kukitambua chama.

Kwa walio na malalamiko ya msimu huu: barua isemayo "mara nyingi tunanyimwa mapumziko" haiwezi kufanyiwa kazi. Tunahitaji tarehe, saa ambayo mapumziko yalitakiwa, saa yaliyotolewa, jina la tukio lililokuwa likifanyiwa mazoezi, na nakala ya ripoti ya siku hiyo. Mpeni mwakilishi wenu, naye atatuma kwa afisa wa jumba. Kama hamkuchagua mwakilishi siku ya kwanza, mchagueni katika mazoezi yajayo, kwa kura ya siri. Kila mkataba umeweka ukomo wa siku za kuwasilisha dai, na siku hizo hazisimami kungoja onyesho lifungwe. Meneja aliyeandika saa isiyo sahihi arekebishe kwa maandishi mapya yenye tarehe ya leo na saini yake, bila kufuta yale ya mwanzo, kisha atume nakala zote mbili.